Wino Uliokataa Maji

Kindu, Mikelenge. Ijumaa, 18 Oktoba 1974

Idi ilikuwa jana. Wageni waliingia na kutoka kutwa nzima, na mimi sikusema zaidi ya "karibuni" na "asanteni". Shangazi Halima akawaambia wote, "Huyu Jamila, mutu akitaka kusikia sauti yake, amukanyage kwanza mukia kama paka." Wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini masikio yalikuwa ya moto mpaka jioni.

Ndiyo maana naanza kuandika. Kifaransa nitakiacha shuleni. Herufi za Kiarabu ni za Maalim Sudi, aliyenifundisha chuoni tangu nikiwa sijaota meno ya mbele. Hapa nitaandika Kiswahili, kwa sababu mambo yote yanayonitia haya yananijia kwa Kiswahili.

Nyumbani tuko hivi. Baba anafanya kazi kwenye gari la moshi, anaondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa, gari isipokufa njiani. Mama alifariki zamani. Shangazi Halima, dada ya Baba, njo anaendesha nyumba. Koko, mama yao mzazi, analala chumba kimoja nami. Kaka yangu Asumani anafanya kazi ofisi ya serikali ya zone yetu, anapiga karatasi kwenye ronéo, mashine ya kunakili. Mwezi wa nane alioa. Mke wake anatoka Kailo, ni Mkristo, na anaitwa Joséphine. Tangu majina ya Kizungu yakatazwe, kwenye kitambulisho serikali imemwandika jina la koko yake, lakini nyumbani hakuna anayelikumbuka.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua. Paa linavuja palepale, juu ya ukuta wa Koko. Nimeweka sufuria.

Jumatano, 23 Oktoba

Joséphine anaimba akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nyimbo za kanisani, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wenzake ng'ambo ya mto. Leo nilimwambia kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinauma. Aliacha kuimba palepale, akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza, "Wifi, nikufunge kitambaa?" Nikasema hapana.

Hajanikosea kitu. Lakini Asumani alikuwa akikaa nami kizingitini jioni akinieleza mambo ya ofisini. Sasa anakaa naye.

Jumanne, 29 Oktoba

Kemia. Mwalimu wetu, Citoyen Onema, zamani aliitwa Isidore. Mama zetu bado wanamwita hivyo sokoni, naye huitika akiangalia nyuma kwanza. Leo alikuja na chupa tatu za maji. Katika moja alitia chumvi, katika nyingine mchanga mweusi wa Kalima, ule wanaoyeyusha kupata bati, na katika ya tatu mawese. Akatikisa zote. Chumvi ikapotea. Mchanga ukalala chini. Mawese yakapanda juu, yakakaa pale mekundu kama kofia.

"Pourquoi?" akauliza, kwa nini. Halafu, "Citoyenne Jamila."

Nilijua kidogo. Nilikuwa nimesoma ukurasa ule. Nikasimama, nikaangalia chupa, chupa ikaniangalia. Mtu nyuma akatoa sauti ya paka. Kumbe maneno ya Shangazi yamefika mpaka darasani. Nikakaa.

Citoyen Onema alipoona Kifaransa hakitufikishi, akafunga mlango, akashuka kwenye Kiswahili chetu. "Mufikiri hivi. Maji ni vitu vidogo sana, hatuvioni. Kila kimoja kiko na upande mbili zisizofanana, upande huu unavuta ule wa mwenzake. Basi vinashikana mikono. Chumvi nayo iko na pande za kuvuta. Maji inaikamata, inaitawanya, tunasema imeyeyuka. Huu mchanga wa Kalima, chembe zake zimekamatana kwa nguvu kupita maji. Maji inavuta, inachoka, inauacha. Na mawese?"

Mmoja akasema, "Citoyen, maji inachukia mawese!"

Wakacheka. Yeye hakucheka. "Hapana. Watu wote wanasema vile, na si kweli. Maji haichukii mutu. Mawese haina mikono ya kukamata, na maji inashikana sana yenyewe kwa yenyewe. Haifungui nafasi. Njo maana mawese inabaki inje."

Nimeyaandika yote ili nisisahau.

Jumamosi, 2 Novemba

Asubuhi salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tulifyeka majani kando ya barabara. Asumani ametumwa Kalima kwa kazi ya ofisi, atarudi katikati ya Desemba. Kabla ya kupanda gari alimpa Shangazi kichupa cha wino. Maalim Sudi analalamika siku nyingi kwamba zafarani ya kuandikia haipatikani tena, tangu serikali iyachukue yale maduka ya wageni na kuwapa wenyewe wapya, rafu zikabaki na vumbi. "Mupe Maalim," Asumani akasema. "Ni wino ya ofisi, nyeusi kabisa. Ilikuwa nzito, nimeipunguza ili ipite kwenye kalamu." Alikuwa amefurahi kama mtu aliyeleta mbuzi.

Joséphine alisimama barabarani mpaka vumbi la gari likaisha. Mimi niliingia ndani.

Alhamisi, 7 Novemba

Koko ana homa. Muuguzi amekuja, amempiga sindano na kuacha vidonge vya kinini. Amesema asikose hata kimoja, na ale.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua usiku, mvua mchana.

Alhamisi, 14 Novemba

Homa ya Koko inashuka, inapanda. Vidonge anameza, lakini anasema mwili unasubiri kitu kingine. Ameomba kombe. Alipokuwa msichana Kasongo, baba yake alimwandikia kombe alipougua, na asubuhi aliamka akaomba wali.

Maalim Sudi akaja jioni, akiwa na mafua ya mvua hizi, anapiga chafya mpaka kofia inahama. Akaketi mkekani na sahani nyeupe, akaandika aya za shifaa kwa kalamu ya mwanzi, kuzunguka kuanzia ukingoni mpaka katikati. Macho yake yamechoka lakini mkono bado ni uleule. Hakuna mtu Kindu anayeandika vizuri hivyo. Wino ulikuwa mweusi, unang'aa. Nilisikia harufu ya petroli, nikafikiri ni taa.

Sahani imewekwa juu ya kabati ikauke. Kesho baada ya swala ya Ijumaa yeye mwenyewe atamimina maji, maandishi yatatoka, Koko atakunywa.

Shangazi aliniambia kesho nichote maji mapya kwenye chemchemi. Nimesema nina kazi ya shule. Nikasikia Joséphine akisema, "Nitaenda mimi, mama."

Ijumaa, 15 Novemba

Maandishi hayakutoka.

Naandika taratibu, kwa sababu bado siamini. Maalim alikuja na Baba kutoka msikitini. Jirani wawili walikuja nao, kumtakia Koko afya. Joséphine alikuwa ameleta maji asubuhi mapema, kwenye mtungi aliousugua kwa mchanga. Maalim akasoma, akapiga chafya, akaomba radhi, akasoma tena. Akamimina maji kwenye sahani, akaizungusha kama tulivyoona akifanya mara nyingi. Kila siku maji huwa manjano ya zafarani, au kijivu cha masizi kama ni wino wa chuoni. Leo yalizunguka yakabaki meupe. Nilikuwa nyuma ya bega lake. Kila herufi ilikuwa mahali pake, hata nukta.

Akasugua kwa kidole, polepole. Kidole kikatoka safi. Akamwaga maji nje mahali pasipokanyagwa, akamimina mengine. Herufi zilionekana chini ya maji kama mawe chini ya kijito.

Maalim akaweka sahani chini. Koko alikuwa ameinuliwa kwenye mito ili anywe. Aliona.

"Imekatala," akasema.

"Ngoja, mama," Baba akasema.

"Nimeona, Amuri. Imekatala."

Shangazi akageuka. Hakupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Maji hii nani ameichota?"

"Ni miye, mama," Joséphine akajibu mlangoni.

Basi. Watu wakaangalia mkeka tu. Maalim alisema atafikiri, kwamba hajawahi kuona jambo hili, na Mungu ndiye anayejua. Alipokuwa anavaa viatu alibadilisha cha kushoto na cha kulia. Koko akageukia ukuta. Nilipompelekea uji alifumba mdomo. Nilipompelekea kinini akasema, "Ya nini?"

Maji yale yalitakiwa kuwa yangu.

Jumapili, 17 Novemba

Mtaa wote unajua. Kwenye chemchemi wanawake walinyamaza nilipofika, kisha mmoja akaniuliza kwa huruma, "Ni kweli maneno imekimbia maji ya yule wa Kailo?" Mwingine akasema labda alikuwa hajaoga. Mwingine akasema labda amevaa kitu cha kwao shingoni. Nilijaza ndoo. Sikujibu. Ningeweza kusema tu "sijui", nalo lingekuwa jambo. Sikusema.

Jumatano, 20 Novemba

Shangazi ameamua Joséphine asiguse maji ya Koko wala chombo chake. Yeye anapika, Shangazi anapakua, mimi napeleka, Koko anakataa. Joséphine anakula peke yake jikoni, akituangalia tukila barazani kama mtu anayesubiri gari.

Haimbi tena. Leo nilitwanga sombe naye, na mchi ulikuwa unasikika kama saa ya ukutani. Nikatamani aimbe. Nilitaka kumwambia, "Wifi, kichwa hakikuwa kinaniuma siku ile." Nikasema, "Hii sombe imelainika."

"Ndiyo," akasema. "Imelainika."

Ijumaa, 22 Novemba

Baba amerudi. Nimemsikia Shangazi ukumbini.

"Simuchukii, Amuri. Unisikie vizuri. Mutoto iko na adabu, anafanya kazi. Lakini mama anakufa akiangalia ukuta. Aende kwao Kailo kidogo, mpaka Asumani arudi. Mama akimuona ameondoka, labda atakula."

"Na Asumani akirudi akakuta bibi yake, huyu Joséphine, hayuko?"

"Utazaa mama mwingine?"

Baba akavua kofia. Kisha akasema, "Tutaona." Kwa Baba "tutaona" maana yake ndiyo. Kuna lori litakwenda Kailo Jumapili ijayo, tarehe mosi.

Mwanamke anayerudishwa kwao katika ndoa ya miezi mitatu, na habari kwamba Kurani imekataa maji yake, harudi tena. Shangazi anajua. Joséphine anajua. Ninamsikia sasa hivi anakunja nguo.

"Simuchukii." Ni kweli, hamchukii. Hakuna anayemchukia. Mimi pia simchukii. Tumeshikana tu.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua. Sufuria imejaa mara nne. Koko amekunywa maji kidogo kutoka mkononi mwangu, si zaidi. Mkono wake ni mwepesi kama jani la mahindi lililokauka.

Jumanne, 26 Novemba

Citoyen Onema alitupa maswali ya kemia, karatasi zilizopigwa ronéo. Paa la darasa nalo linavuja, na dawati langu liko chini. Nilikuwa nimeandika nusu ya majibu kwa kalamu ya wino, tone kubwa likaanguka, kisha lingine. Majibu yangu yakawa wingu la bluu. Nikainua karatasi kuipangusa, na hapo nikaona.

Majibu yangu yalikuwa yameondoka yote. Maswali yalikuwa palepale. Maji yalikuwa yamelala juu ya maneno ya ronéo, duara moja moja, na chini yake kila herufi nyeusi, inang'aa, haijasogea.

Nilisahau mtihani. Nilikaa nikiangalia karatasi hiyo mpaka kengele. Wenzangu wakatoka. Mimi nikaenda mbele, na sauti ikatoka kabla sijaiandaa.

"Citoyen, wino wa ronéo uko na nini ndani?"

Akashtuka, nadhani kwa sababu ni mimi. "Mafuta. Ni masizi ndani ya mafuta."

"Na mutu akiupunguza uzito?"

"Kwa maji haikubali. Atatia petroli, ama kitu cha ndugu yake."

Nikamweleza. Sikumaliza sentensi hata moja vizuri, lakini nilieleza yote, sahani, kichupa, harufu, maji, Joséphine. Alisikiliza huku mkono ukiwa kichwani. Mwisho akasema, "Nafikiri umeona vizuri. Lakini usinibebe miye kwenda kwenu. Wakisikia mwalimu wa shule anasema, watasema ni mambo ya shule. Fanya waone. Badilisha kitu kimoja, vingine viache vilevile. Ukibadilisha viwili mara moja hutajua kipi kimesema."

Kisha akaangalia karatasi yangu. "Na hii?"

"Imeyeyuka, citoyen."

"Utarudia Ijumaa."

Jumatano, 27 Novemba

Nilitaka kumwambia Shangazi asubuhi. Nilifika mpaka jikoni. Akaniuliza, "Unataka nini?" Nikasema chumvi. Akanipa chumvi.

Alhamisi, 28 Novemba

Nilienda kwa Maalim Sudi. Nilisimama penye ua. Watoto wa chuo walikuwa wanaosha mbao zao kama kila Alhamisi, maji ya kijivu yanatiririka kwenye beseni, masomo ya juma lote yanaondoka. Wino wa masizi na ulimbo, tuliouchanganya wenyewe tukiwa wadogo. Maalim alikuwa amekaa kwenye kiti akiangalia mikono yake. Wanasema tangu ile siku hajakubali kumwandikia mtu kombe.

Niliogopa kitu kimoja, nakiandika: nikisema ni wino, ninasema Maalim alikosea. Mtu aliyenishika mkono kuandika alifu ya kwanza.

Nikarudi nyumbani. Joséphine amefunga mzigo wake kwa kitenge cha harusi.

Ijumaa, 29 Novemba

Sasa ni jioni, mvua imeacha, na nina mambo mengi.

Baada ya swala Baba alikuja na Maalim kumwona Koko. Shangazi alileta chai. Joséphine alikuwa jikoni, mzigo uko kando ya mlango, watu wote wanaupita kama haupo. Baba akaanza, "Maalim, tumefikiri, huyu mutoto wa watu, Jumapili..."

Nikasema, "Ni wino."

Hawakusikia. Au walisikia wakafikiri ni paka.

"Baba. Ni wino."

Shangazi akaweka birika chini. "Nani amekukanyaga?"

Basi nikawa nimesimama katikati ya mkeka, na maneno yote niliyopanga usiku yamekwenda. Kama ningesubiri yarudi ningesubiri mpaka lori liondoke. Nikakumbuka kwamba citoyen hakusema nieleze. Alisema waone. Nikaenda kwenye kabati nikaleta sahani nyeupe mbili. Nikaenda jikoni nikaleta mtungi wa maji aliyoteka Joséphine kwa kupikia, na ndoo ya Shangazi. Kichupa cha Asumani kilikuwa mfukoni mwa Maalim pamoja na kalamu. Kichupa cha wino wa chuo nilikuwa nacho mimi, nilikiazima kwa mtoto wa jirani.

"Maalim," nikasema, "naomba uniandikie alifu. Alifu tu, si aya. Kwenye hizi."

Alinitazama. Nilifikiri ataondoka. Akasema, "Ulikuwa hausomi kwa sauti hata siku moja. Nilikuwa naangalia ubao wako kujua kama umejua." Akachukua kalamu. Kwenye kila sahani aliandika alifu mbili, moja kwa wino wa ofisi, moja kwa wino wa chuo. Tukangoja zikauke. Ulikuwa ungojaji mbaya. Baba alikunywa chai iliyopoa. Koko kitandani alikuwa amegeuza kichwa kutuangalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kwenye sahani ya kwanza nikamimina maji ya Joséphine. Alifu ya chuo ikalegea, ikanyooka kama moshi, ikaondoka. Alifu ya ofisi ikasimama.

Kwenye sahani ya pili nikamimina maji ya Shangazi. Mengine yakamwagika mkekani. Alifu ya chuo ikaondoka. Alifu ya ofisi ikasimama.

"Rudia," Shangazi akasema. Akachukua ndoo yake mwenyewe, akamimina kwa mkono wake, akatikisa, akasugua na kidole gumba mpaka ukucha ukalia. Alifu ilimwangalia tu.

"Maji yenu ni mamoja," nikasema. "Ni wino. Ule wa chuo, masizi yake hayayeyuki, lakini ulimbo unayeyuka, na ulimbo unashika masizi mkono unayapeleka. Huu wa ofisi masizi yake yameshikwa na mafuta. Maji hayawezi kuyachukua. Hata maji ya Makka... hayawezi." Niliogopa niliposema hivyo, lakini lilikuwa limetoka.

Hapo Joséphine alikuwa ameshafika mlangoni. Akaomba kichupa. Maalim akampa. Akakifungua, akanusa, kama mtu anayejaza taa za nyumba hii kila jioni. "Maalim," akasema kwa sauti ndogo, "hii inanuka petroli."

"Petroli?" Baba akauliza.

Maalim akakichukua, akanusa. Akanusa tena. Uso wake ukabadilika. "Siku ile nilikuwa na mafua," akasema. "Pua ilikuwa imefunga kama duka." Kisha akamtazama Koko, akatazama sahani yenye aya juu ya kabati. "Subhanallah. Kama ingetoka, ningemunywesha petroli kwa mkono wangu."

Baba akafunika uso.

"Basi haikukatala kwa ubaya," Maalim akaendelea, na nikaona mabega yake yanashuka. "Tuliipa kazi isiyo yake. Tushukuru ilikatala. Mama Zawadi, umesikia? Haikukukatala. Ilikatala kukuua."

Koko, ambaye hakuna tena anayemwita Zawadi ila Maalim, akafumba macho. Nilifikiri amelala. Kisha akasema, "Asumani njo anataka kuniua? Mutoto yule tangu zamani hana akili ya chupa."

Baba alicheka mpaka akatoka nje. Maalim alicheka, akakohoa. Shangazi hakucheka. Alibaki amepiga magoti na kidole gumba cheusi kidogo, anakiangalia. Kisha akasimama, akaenda mlangoni, akaubeba mzigo wa kitenge, akaupitisha mbele yetu sote mpaka chumba cha Asumani. Tukausikia ukiwekwa chini. Aliporudi alimwambia Joséphine, bila kumwangalia sana, "Uji wa mama. Utie sukari. Weye njo utamupelekea."

"Ndiyo, mama."

Koko alikunywa nusu kikombe. Kinini akameza. Maalim akaandika kombe jipya kwa wino wa chuo, na maji yakawa kijivu kama yanavyotakiwa.

Baadaye kichwa kiliniuma, safari hii kweli. Ni woga uliochelewa. Joséphine alinifunga kitambaa kichwani, sikusema hapana.

Jumapili, 1 Desemba

Lori la Kailo limepita. Tulisikia honi. Joséphine alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

Jumatano, 4 Desemba

Kwenye chemchemi waliniuliza. Nikasema, "Ilikuwa wino wa mafuta." Mmoja akasema, "Aa, kumbe." Mwingine hakuamini. Nikasema tena.

Jumamosi, 7 Desemba

Niliwaza jambo hili: mchanga wa Kalima hauyeyuki, na watu wanausafiria mbali kwa sababu hauyeyuki. Wangeupataje mtoni kama maji yangeweza kuuchukua?

Jumapili, 15 Desemba

Asumani amerudi. Shangazi alimpokea na kichupa mkononi. Sitaandika alichoambiwa, karatasi haitoshi. Tangu leo haruhusiwi kugusa chupa yoyote, hata ya mawese.

Kisha Shangazi akamwambia, na nilikuwa karibu nikasikia, "Joséphine, bibi yako, nilimufanyia vibaya. Amekwambia?"

"Hapana. Ameandika barua kwamba mvua ni nyingi."

Jumanne, 24 Desemba

Idi ya kuchinja. Koko alitembea mpaka barazani, Joséphine upande huu, mimi upande huu. Sasa ana tabia mpya inayomkera Shangazi: maji ya kutawadhia hataki mengine ila ya Joséphine. "Hii imepimwa," anasema. "Hizi zenu sijui."

Sahani ile ya aya haiwezi kuoshwa kwa sabuni wala kuliwa wali, wala kutupwa. Maalim alisema ifungwe kitambaani iwekwe mahali pa juu. Koko alikataa kitambaa. Asumani akapigilia msumari, ikatundikwa ukutani juu ya kitanda cha Koko, na kila asubuhi Koko anaizunguka kwa macho kutoka ukingoni mpaka katikati.

Jumatano, 25 Desemba

Mwaka huu serikali imesema leo si sikukuu, ni siku ya kazi kama nyingine, na sisi tulikwenda shule. Citoyen Onema alikuwa amevaa shati jipya, hakusema kwa nini. Aliuliza swali la kinachotokea sabuni ikikutana na mafuta. Nilinyoosha mkono. Mtu akalia kama paka. Nikajibu hata hivyo, kwa Kifaransa, na sauti ilikatika katikati, nikaokota nikaendelea.

Niliporudi Joséphine alikuwa anatwanga sombe. Alikuwa anaimba, polepole, kwa ajili ya siku yake. Nilichukua mchi wa pili. Sijui maneno ya nyimbo zao, nilishika mapigo tu.

Jioni mvua kubwa. Tulikuwa chumbani kwa Koko wote, Shangazi anasuka mkeka, Joséphine anamkanda Koko miguu. Paa likaanza kuvuja palepale pa siku zote, lakini sasa pale pana sahani. Maji yakateremka juu yake, yakapita kwenye aya, yakadondoka kwenye mto.

Shangazi akaruka. "Jamila, kamata! Itaharibika!"

"Acheni," Koko akasema. Alikuwa anaangalia maji yakipita juu ya herufi, na mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha Joséphine. "Wacha inyeshe. Hii ya kwetu haitoki."